Mashaka Hukaa Mikononi: Tuliyojifunza Kwenye Gofu ya Lubumbashi

Mtazame mchezaji aliyesimama mbele ya mpira wake huku bado hajaamua kama apige kwa fimbo nambari 7 au nambari 6. Vidole vya mkono wa kulia vinabana mshiko, misuli ya vigasha inakaza, mabega yanapanda kuelekea masikioni. Akivuta fimbo nyuma, haifiki pale inapofika siku zote, maana vifundo vya mikono vilivyokaza havikunjiki. Akishuka, uso wa fimbo unachelewa kufunga, mpira unatokea kulia na kuanguka kabla ya grini, ule uwanja mdogo wa nyasi fupi wenye shimo. Halafu atasema leo suingi yake, yaani mwendo wa kuvuta fimbo na kupiga, imeharibika. Suingi yake ni ileile ya jana, ila leo ameipa amri mbili kwa mara moja.

Sisi tunaocheza hapa Lubumbashi na kuwafundisha wenzetu tumechukua muda mrefu kulikubali jambo hili: hakuna somo la akili peke yake na somo la ufundi peke yake. Mashaka yanageuka kosa la mikono kabla mpira haujaguswa. Na kosa la mikono ambalo mtu haelewi limetoka wapi linarudi kichwani likiwa woga. Kwa hiyo anayetaka kutulia uwanjani aanze kwa kuelewa mpira wake unafanya nini.

Uso wa fimbo ndio unaoamua kwa sehemu kubwa mpira utatokea upande gani. Kwa fimbo za chuma ni takriban robo tatu ya uamuzi, na kwa draiva, fimbo ndefu ya kuanzia shimo, ni zaidi ya hapo. Kinachobaki ni njia ambayo kichwa cha fimbo kinapita. Tofauti kati ya uso na njia ndiyo inayoupinda mpira hewani. Maelezo yangu ni ya anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze. Mpira ukianzia kushoto kidogo ya lengo kisha ukapinda kulia, njia yako inakata kuelekea kushoto na uso uko wazi ukilinganishwa na hiyo njia. Ukianzia kulia na ukaendelea moja kwa moja kulia, uso na njia vyote viwili vimeelekea kulia, na mara nyingi kosa ni miguu na mabega yaliyopangwa vibaya, wala si suingi. Ukianzia kulia ukarudi kushoto kupita kiasi, njia yako inakwenda kulia mno na uso umefungwa ukilinganishwa na hiyo njia. Mchezaji anayejua kusoma hivi haogopi mpigo mbaya, maana mpigo wenyewe umeshamwambia cha kurekebisha.

Marekebisho mengi yanaanzia kwenye mshiko. Mkono wa kushoto uushike mpini kwa vidole, si kwa kiganja: mpini upite kuanzia shina la kidole kidogo hadi kiungo cha katikati cha kidole cha shahada, na kisigino cha kiganja kikae juu yake. Ukitazama chini, uone vifundo viwili hadi vitatu vya mkono huo. Pembe inayofanywa na kidole gumba na cha shahada ielekee bega la kulia, kwa mikono yote miwili. Nguvu ya kubana, kwa kipimo cha 1 hadi 10, isipite 4 au 5, na ibaki hivyohivyo hadi mpira uondoke. Wengi wanaanza na 4 na kugonga na 9. Dawa yake haiko kwenye mawaidha. Inaanzia kwenye ndoo ya maji. Katika kiangazi chetu, vumbi jekundu linaingia kwenye raba ya mshiko hadi unateleza kama kioo, na mkono hauwezi kulegea juu ya kitu kinachoteleza. Osha mishiko kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua kwa brashi ya kucha, kausha kabisa. Ikiwa imeshakuwa migumu na inang'aa, ibadilishe. Hakuna pesa inayorudi haraka kuliko hiyo.

Jambo la pili la ufundi linalozaa woga hapa kwetu ni ardhi. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua karibu hakuna, nyasi zinakuwa nyembamba, na chini yake ardhi ni ngumu kama saruji. Mchezaji anaogopa kuigonga, kwa hiyo anajaribu kuunyanyua mpira kwa mikono: uzito unabaki mguu wa nyuma, fimbo inafika chini mapema, inaruka juu ya udongo na kuupiga mpira katikati ya tumbo. Mpira unatambaa na kuvuka grini nzima. Fimbo imeumbwa na mwinamo wa kuuinua mpira. Kazi yako ni kugonga mpira kwanza, ardhi baadaye. Zoezi lake ni rahisi. Chora mstari kwenye udongo kwa ncha ya kijiti cha tii, kile cha kuwekea mpira, simama mstari ukiwa katikati ya miguu, bila mpira. Suingi nusu, ukikwaruza ardhi upande wa lengo tu. Alama inayoanzia nyuma ya mstari haihesabiki. Ukipata alama 8 kati ya 10 upande wa mbele, weka mpira juu ya mstari. Wachezaji wazuri, sehemu ya chini kabisa ya suingi yao huwa takriban sentimita 10 mbele ya mpira. Ili ufike huko, anza na uzito zaidi kidogo mguu wa kushoto, na malizia ukiwa umesimama juu ya mguu huohuo, kisigino cha kulia kikiwa hewani.

Kuhusu mwendo wa suingi, nina neno moja tu. Wachezaji wa kulipwa wakipimwa, kuvuta fimbo nyuma huchukua takriban mara 3 ya muda wa kushuka hadi mpira. Hesabu kwa haraka na kwa usawa: anza kwenye “moja”, fika juu kwenye “nne”, gonga kwenye “tano”. Anayevuta polepole mno huharibika sawa na anayenyakua.

Sasa tuje kwenye kichwa, na tuanze na hesabu. Sheria za gofu zinashauri mpigo usizidi sekunde 40 tangu zamu yako ifike. Mtu anayemaliza kwa mipigo 90, akitumia sekunde 40 kila mmoja, amecheza gofu kwa dakika 60. Lakini yuko uwanjani kwa saa 4 au zaidi. Zile saa 3 nyingine anatembea, na huko ndiko wengi wanakochokea: wanabeba mpigo uliopita hadi unaofuata. Umakini wa saa 4 mfululizo hakuna mwenye nao. Ufungue na kuufunga. Mahali pa kuufungia pawe kitendo cha mwili, kwa mfano kuvua glavu au kurudisha fimbo kwenye mfuko. Fimbo ikishaingia mfukoni, mpigo umeisha. Zungumza na wenzako habari za watoto, za mpira wa miguu, za lolote. Hatua 20 kabla ya kufika kwenye mpira, vaa glavu, na kazi imeanza tena. Anayekaa kimya akikunja uso njia nzima hawazidi wengine kwa nidhamu. Anajichosha tu.

Sekunde zile 40 zina sehemu mbili ambazo hazipaswi kuchanganyika. Ya kwanza unaifanya ukiwa nyuma ya mpira, ukitazama lengo: umbali, upepo, mpira umekaaje, hatari iko wapi, fimbo gani. Hapo ruksa kuuliza, kubisha, kubadili mawazo. Kisha tafuta kitu kidogo mita 1 hivi mbele ya mpira kwenye mstari wa lengo, jani au alama ya nyasi iliyoungua. Bingwa wa Marekani Jack Nicklaus alipanga mipigo yake kwa namna hiyo, na sababu iko wazi: ni rahisi kuelekeza uso wa fimbo kwenye jani lililo miguuni kuliko kwenye bendera iliyo mita 150. Toa pumzi ndefu, ndefu kuliko uliyoivuta, ndipo usogee. Sehemu ya pili ni ya mwili tu: uso wa fimbo kwanza, ukielekea lile jani, kisha miguu, kisha jicho kwenye lengo mara moja au mbili, kisha mpigo. Kama wazo jipya linakuingia ukiwa umeshasimama, “labda upepo umebadilika”, ondoka. Rudi nyuma ya mpira uanze upya. Watu wanaona aibu kurudi nyuma mbele ya wenzao, na aibu hiyo inawagharimu mipigo mingi kuliko banka zote, yaani mashimo ya mchanga, za uwanja.

Mashaka mengi yanatoka kwenye kutojua umbali wako wa kweli. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na hewa nyepesi inaupeleka mpira mbali zaidi kuliko usawa wa bahari, kwa asilimia 4 au 5 hivi. Kwa mpigo wa mita 150 hizo ni mita 6 au 7, yaani zaidi ya nusu ya tofauti kati ya fimbo moja na inayofuata. Hewa hiyohiyo inaupinda mpira kidogo kuliko pwani. Kwa hiyo vipimo unavyosoma kwenye intaneti si vyako, na anayetoka hapa kwenda kucheza Durban, pwani, ajue mipira yake itaanguka mifupi na kupinda zaidi bila suingi kuwa na kosa lolote. Halafu kuna baridi. Asubuhi ya Julai mpira mgumu unasafiri kifupi kuliko mchana wa Oktoba, na mwili wenyewe haujafunguka. Asubuhi hizo mimi naona ni busara kuchukua fimbo inayopeleka mbali hatua moja zaidi na kupiga kwa utulivu.

Umbali wako upime hivi: mipira 20, nambari 7, lengo moja, na usiutoe hata mmoja kwenye hesabu. Nenda ukatembee pale ilipoanguka. Utakuta mipira imetawanyika kwa umbo refu, na wengi wanashtuka kuona upana wake ni mita 30 au zaidi. Huo ndio mchezo wako kwa sasa. Ukishaujua, unaacha kulenga bendera iliyofichwa nyuma ya banka ya kulia; unalenga mahali ambapo umbo lote litakaa salama, mara nyingi katikati ya grini au upande ulio wazi. Na ukilenga hivyo, mpira ukienda kulia mita 10 hukasiriki, maana ulikuwa kwenye hesabu. Utulivu wa aina hiyo hauji kwa kujiambia “tulia”. Unakuja kwa kujua.

Mfano unaojulikana zaidi wa uamuzi ni ule wa Mfaransa Jean van de Velde, kwenye Open ya Uingereza ya 1999 huko Carnoustie. Alifika shimo la mwisho akiongoza kwa mipigo 3. Mipigo 6 kwenye shimo hilo ilimtosha kuwa bingwa. Akatoa draiva, mpira ukaenda kulia lakini ukabaki salama. Watu wanamlaumu kwa draiva hiyo. Mimi naona kosa ni la mpigo wa pili. Alikuwa na nafasi ya kuweka mpira kabla ya kijito, kupanda grini kwa mpigo wa tatu, na bado kuwa na misukumo mitatu ya kwenye grini mkononi. Akachukua chuma nambari 2 kulenga grini. Mpira ukagonga jukwaa la watazamaji, ukagonga ukuta wa kijito, ukarudi kwenye nyasi ndefu. Wa tatu ukaanguka majini, na akamaliza kwa 7. Kwenye mashimo ya ziada Paul Lawrie akachukua kombe. Kabla ya kila mpigo hesabu inaanza upya: ni nini kinachonitosha sasa? Mwenzetu wa handikapu 20, yaani anayepunguziwa mipigo 20 kwa raundi, anapewa mpigo mmoja au miwili ya ziada kila shimo, na bado anacheza kana kwamba hana hata mmoja.

Hapo ndipo kedi, yule anayekubebea mfuko wa fimbo, anapokuwa na thamani, ukijua kumtumia. Kedi wetu wanazijua nyasi hizi kuliko mchezaji yeyote. Akikuambia, “Papa, iko mita mia moja makumi ine, lakini grini iko juu,” amekupa vitu viwili. Muulize cha tatu, kukosea upande gani ni nafuu, kisha wewe uchague. Usimwulize tena ukiwa umeshachagua na kusimama. Swali la pili linaingia mikononi moja kwa moja. Na mpira ukiharibika, usimgeukie yeye. Kedi aliyekaripiwa mara moja hatakuambia tena anachokiona. Atakuambia unachotaka kusikia.

Karibu na grini, msimu unabadilisha kila kitu. Kiangazi, acha kuurusha mpira juu. Fimbo ya mchanga, ile ya kutolea mpira kwenye banka, ina tumbo chini yake, na juu ya ardhi ngumu tumbo hilo linadunda na kuusukuma ukingo kwenye katikati ya mpira. Chukua nambari 9, 8 au 7, mpira karibu na mguu wa nyuma, uzito mguu wa mbele, mikono mbele ya mpira, na piga kama unasukuma kwenye grini, bila kukunja vifundo. Kipimo cha kuanzia kwenye grini tambarare: wedji ya kawaida (fimbo fupi ya kurusha mpira juu), sehemu 1 hewani na 2 ikibingirika, nambari 9, 1 kwa 3, nambari 8, 1 kwa 4, nambari 7, 1 kwa 5. Kwenye grini za Agosti, zilizokauka, ongeza mbingiriko. Mpira uanguke hatua moja ndani ya grini, usitegemee nyasi za pembeni. Masika yakija, Novemba hadi Machi, mambo yanageuka: mpira unazama, haubingiriki, na hapo lile tumbo la fimbo ya mchanga linakuwa rafiki. Mpira uliojichimbia kwenye shimo lake mwenyewe kwenye nyasi za njia ya kuelekea grini unaruhusiwa kuuinua bila adhabu na kuuangusha karibu, kwa kimo cha goti. Wengi hawajui, wanapiga matope bure.

Kwenye banka, fungua uso wa fimbo kwanza, kisha ndipo ushike. Ukishika halafu ukageuza mikono, uso utajifunga wenyewe. Ingia mchangani sentimita 5 nyuma ya mpira na usisimame. Mchanga uliolowa na kugandamana unadundisha fimbo, kwa hiyo baada ya mvua funga uso kidogo. Na usiguse mchanga kwa fimbo kabla ya mpigo.

Kusukuma kwenye grini ndiko akili inakojaribiwa zaidi, kwa sababu mwili hauna kisingizio. Jua kwanza ukweli: wachezaji bora wa mashindano ya kulipwa ya Marekani wakiwa umbali wa mita 2.4 hutumbukiza takriban nusu tu. Anayejilaumu kwa kila msukumo wa mita 3 anaoukosa anajidai kitu ambacho mabingwa hawana, na hasira ile ndiyo inayomkosesha wa sentimita 80 unaofuata. Kwa misukumo mirefu fanya kazi ya umbali: mpira mmoja mita 5, mmoja 10, mmoja 15, ukibadilisha kila mara, lengo likiwa kusimama ndani ya nusu mita. Kwa mifupi, chomeka vijiti viwili vya tii, nafasi yake ipite kichwa cha fimbo na upana wa kidole tu kila upande, sukuma kutoka mita 1.5. Fimbo ikigusa kijiti, umeikunja njia. Kasi nzuri ni ile ambayo mpira ukikosa shimo unasimama sentimita 30 hadi 45 mbele. Shimo lina kipenyo cha milimita 108. Kwa mpira unaokuja kwa kasi kubwa linakuwa dogo, maana ukigusa ukingo unatoka.

Ngurumo zikianza, na masika ya Katanga hayachezi, sheria inakuruhusu kusimamisha mchezo mwenyewe ukiona hatari ya radi, bila kungoja ruksa. Ondoka uwanjani, usijifiche chini ya mti ulio peke yake.

Kuhusu mazoezi: mipira 30 inatosha kwa siku. Ya kwanza 10 ni ya ufundi, jambo moja tu, mshiko au mstari wa ardhini. Ile 20 iliyobaki, kila mmoja uwe na fimbo tofauti, lengo tofauti, na ile hatua nzima ya kusimama nyuma, jani, pumzi, mpigo. Kupiga nambari 7 mara 30 mfululizo kunamfanya mtu aonekane hodari pale pale, lakini uwanjani hakuna anayepiga fimbo ileile mara mbili kutoka mahali palepale.

Na kwenye kadi ya alama, kando ya namba ya kila shimo, weka nukta kwa kila mpigo ulioupiga huku bado hujaamua, hata kama mpira ulikwenda vizuri. Mwisho wa raundi zihesabu nukta kabla ya kuhesabu mipigo. Zikijaa kwenye mipigo ya kwanza ya shimo, chagua nyumbani, kabla ya Jumamosi, fimbo utakayotolea kila shimo. Zikijaa ndani ya mita 100, rudi ukapime umbali wa wedji zako kwa hatua. Zikijaa kwenye grini, kwa kawaida unasoma mteremko ukiwa umeshasimama juu ya mpira; usome ukiwa unatembea kuufikia, upande wa chini ya shimo, ambako mwinamo unaonekana vizuri zaidi.